Kioo Alichokisugua Santa

Kila jioni Santa alisugua. Alisugua sufuria kwa majivu, akasugua viatu vya baba yake mpaka vikameremeta, halafu akageukia vioo vya madirisha. Waliishi katika nyumba za askari magereza mjini Jinja, na baba yake hakuwa na mchezo na uchafu. "Nyumba ya askari inakaguliwa wakati wowote," alipenda kusema. Santa, mwenye miaka kumi na miwili, alijibu, "Ndiyo, afande!" wakacheka wote wawili.

Basi Ijumaa moja Mwalimu Zubairi wa sayansi alimkabidhi kipande kidogo cha kioo kilichotumwa kutoka Mbale. Santa alikifungua nyumbani, akaguna. Upande mmoja ulikuwa na unga mweupe kama wa chaki. Watu gani hawa wanaotuma kitu kichafu hivi? Akakisugua kwa brashi na sabuni mpaka kikang'aa, kisha akakitumbukiza katika chupa ya juisi nyekundu ya maua ya rozela, kama mwalimu alivyomwagiza. Akalala ameridhika kabisa.

Rozela ile ilitoka kwa Conrad, rafiki yake wa darasani, ambaye bibi yake aliilima Buwenge. Daktari Nabifo, mtafiti wa umeme wa jua kule Mbale, alikuwa akitafuta rangi za mimea za kutengenezea sola. Rangi itakayofaa angeendelea kuitumia katika utafiti wake. Conrad alikuwa amemtangazia kila mtu shuleni, hata mpishi, kwamba rozela ya bibi yake itatoa umeme.

Jumamosi Santa, Conrad na Mwalimu Zubairi wakafika Mbale, kwenye chumba cha kazi cha daktari, mtaa wa Nkoma. Daktari Nabifo akakitoa kioo ndani ya chupa, akakisuuza. Rangi yote ikachuruzika. Akakiweka juani hata hivyo, akakiunganisha na mita ya umeme. Mshale haukutikisika.

"Ajabu!" alisema. "Vioo vya shule nyingine vimegeuka zambarau, na vyote vimetoa umeme. Labda rozela hii ni kali mno. Imekula ule unga wote."

Santa alichanganyikiwa. Unga? Mbona mtu mzima, tena daktari, anautafuta uchafu?

Conrad naye aliikodolea macho chupa yake. "Lakini bibi anainywa kila siku, Daktari," alisema. "Haijamla tumbo."

"Samahani, Daktari," Santa akauliza, "ule unga ulikuwa wa nini?"

"Huo ndio unaofanya kazi yenyewe. Ni chembe za nano. Ukizipanga elfu moja bega kwa bega, hazifikii upana wa unywele wako mmoja. Kwa kuwa ni ndogo na ni nyingi mno, rangi inapata mahali pengi pa kushika. Rangi inanasa mwanga wa jua, na chembe zinapokea umeme. Bila unga, hicho ni kioo tu."

Santa akakumbuka brashi na sabuni. Daktari alikuwa ameshashika kalamu, anaandika huku akisoma kwa sauti: "Rozela ya Buwenge haifai." Hakuna aliyemshuku Santa. Angenyamaza, wangerudi Jinja, yakaisha. Lakini Conrad alikuwa amewageuzia mgongo, anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Si rozela!" Santa alipaza sauti. "Ni mimi. Nilidhani ni uchafu. Nilikisugua kwa sabuni."

Mwalimu Zubairi akashika kichwa. "Santa! Kwa nini hukuuliza?"

"Nilidhani najua, Mwalimu."

Conrad akageuka. "Wewe Santa! Nimelia bure?"

Daktari Nabifo akatoa kioo kingine chenye unga, akakitumbukiza katika juisi ileile. Walipomaliza kula chakula cha mchana, kilikuwa kimegeuka zambarau. Alipokipima juani, mshale ukapanda, na Conrad akaruka nusura aangushe meza.

Daktari akafungua daftari lake, akamwita Santa karibu.

"Kioo si hoja, mwanangu. Vioo ninavyo. Lakini ningeandika kwamba rozela haifai, nani angerudi kuijaribu tena? Kosa lako ni la jana tu. Ungelificha, sisi sote tungeendelea kukosea miaka mingi, tukidhani tunajua. Usipojua, uliza. Ukikosea, sema."

Akaukata ule mstari, akampa kalamu. Santa akaandika chini yake: "Unga ulisuguliwa na Santa. Rozela inafaa."