Bibi Aliyekaribishwa Pilau

Nilikuwepo. Sikuhadithiwa, sikusoma kwenye simu ya mtu, sikuota. Mimi Ashif shule niliikimbia darasa la sita kule Tanga, lakini macho yangu haya yana digrii mbili, na yote niliyaona nikiwa hatua nne tu. Atakayesema nadanganya aje Etobicoke, hapa hapa Toronto, ghorofa ya kumi na saba. Lifti mbovu, kwa hiyo mpaka afike mlangoni pumzi za kubishana zitakuwa zimemwishia.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, ile wikendi ndefu ya Wakanada. Kikundi chetu cha matembezi kilikodi basi pale Vaughan, watu ishirini na sita, tukaenda mwendo wa saa mbili nje ya Toronto kuchuma matufaha. Kijiji chenyewe Waingereza wa zamani walikijenga kifanane na kwao. Nyumba za mawe, kanisa la mawe, ukuta wa mawe kila shamba, na hata mbwa wao ungedhani kachongwa. Habweki. Anakutazama tu. Na wenyeji walitutazama hivyo hivyo, kama vile tumekuja kuchuma watoto wao.

Chakula nilipika mimi. Pilau, kwenye sufuria ambayo ukimtumbukiza ng'ombe humwoni pembe.

Sasa, habari hii ni ya Naheed. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, karani kwa daktari wa meno, hajaolewa, anaishi Mount Dennis na mama yake, Khatijabai. Mama ana miaka sabini na nane na kumbukumbu zinamvuja kama maji kwenye chujio. Mwezi wa tatu alitoka nyumbani na ndara, theluji imefika magotini, wallahi magotini, polisi wakamkuta kituo cha basi anasubiri gari la kwenda Chumbageni. Chumbageni, Tanga! Kaka yake Naheed, Riyaz, akapiga simu kutoka London. Hakusalimia.

"Mama akikupotea tena, nakuja kumchukua."

Basi. Akakata. Tangu siku hiyo Naheed alikuwa analala na mkono mmoja umeshika nguo ya mama yake. Hakuwa na mtu mwingine nchi nzima ile. Akimpoteza mama, abaki anaongea na friji.

Na watu hawakumhurumia. Tangu asubuhi Sughra, yule mwenye ulimi wa wembe, alikuwa anamchokonoa.

"Umemleta wa nini, Naheed? Sisi tumekuja kupumzika, siyo kulea."

"Hasumbui mtu, dada Sughra."

"Bado. Siku haijaisha."

Jua likaanza kuzama. Anverali, mkuu wa safari, mzee ambaye akikohoa unadhani anatoa amri, akapiga makofi. "Dakika ishirini! Sali, kula, panda basi! Atakayechelewa atakula matufaha mpaka mwezi wa nne!"

Naheed akamkalisha mama yake kwenye kiti cha kukunja, akamfunika shali ya kahawia, akaja kwangu kumchukulia chakula. Nikampakulia sahani mbili. Upepo ukanyamaza... ghafla tu, kama umezibwa mdomo. Nikasikia harufu. Udongo uliochimbwa sasa hivi. Na matufaha yaliyooza.

Nyuma ya ukuta wa shamba palikuwa na nyumba ya mawe isiyo na paa. Mlango hakuna, shimo tu. Na kwenye lile shimo amesimama bibi. Mfupi, amejitanda kitambaa kichwani kama bibi zetu. Anatutazama tunavyokula.

Naheed akainua sahani. "Karibu tule, bibi!"

Mnatujua sisi. Karibu tunamwambia hata mleta barua. Ukiwa na chakula mkononi na mtu akakutazama, mdomo unasema wenyewe. Ni adabu. Naye anajibu ahsante, nimeshiba, anapita zake. Tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyekuja kweli.

Yule alikuja.

Ukuta hakuupanda. Hakuuzunguka. Alikuwa kule, kisha alikuwa huku. Akakaa kwenye mkeka wetu, akapewa sahani, akala kwa mkono, taratibu, bila kunyanyua macho. Sughra mwenyewe alimmiminia chai. Hakuna aliyemuuliza jina. Kila mmoja alidhani ni mgeni wa familia nyingine.

Giza likaingia. Pilikapilika! Naheed akakimbilia kunawa, aliporudi akakuta kiti cha mama yake kitupu. Akaanza kumwita.

"Mama yako keshapanda," Sughra akamwambia akiwa mlangoni mwa basi. "Yule pale dirishani. Harakisha, tunaganda!"

Kweli. Shali ya kahawia, kichwa kimeegemea kioo. Naheed akashusha pumzi, akakaa kando yake. Anverali akapita katikati ya viti akihesabu kwa kidole.

"...ishirini na tano, ishirini na sita. Wametimia. Dreva, twende."

Dakika kumi njiani. Taa za ndani zimezimwa. Nje miti tu, inapita, inapita. Naheed akaisikia ile harufu. Udongo. Matufaha yaliyooza. Akadhani ni ndoo za watu. Akafungua chupa ya maji.

"Ma. Kunywa kidogo."

Mkono ukatoka ndani ya shali. Taa ya barabarani ikamulika kiganja.

Hakina mistari.

Hata mmoja. Laini kama sahani.

"Ahsante, mwanangu," sauti ikanong'ona. Kiswahili safi, cha pwani, cha zamani. "Nishashiba."

Haikuwa sauti ya mama yake.

Naheed akajivuta mpaka ukingo wa kiti. Akanong'ona naye. "Mama yangu yuko wapi?"

"Amekaa pale nilipokuwa nimesimama mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikaribishwa. Nikaja. Mgeni anapewa nafasi." Kichwa kikageuka polepole. "Au mlikuwa mnatania?"

Hapo Naheed akapiga ukelele. Ule ukelele, ndugu zangu, nadhani mpaka leo kuna ng'ombe Ontario hawatoi maziwa. Basi likayumba, likasimama pembeni. Anverali akaja na tochi ya simu.

"Huyu nani?"

Watu wakajivuta nyuma kwenye viti vyao.

"Nimeuliza, huyu nani?"

"Mimi nilidhani wa kwenu," Sughra akasema, anarudi nyuma. "Nilimpa chai..."

"Lakini hesabu yangu ilitimia!"

"Ilitimia kwa sababu mama yangu yuko kule!" Naheed akalia. "Rudisheni basi! Yuko kule gizani bila shali!"

Bibi wala hakushtuka. Alikaa kama mtu sebuleni kwake. "Nitashuka," akasema. "Mimi si mgeni wa kufukuzwa. Anisindikize aliyenikaribisha."

Na hilo ni haki yake, mnajua. Mgeni hasukumwi nje. Husindikizwa, na mwenyeji wake mwenyewe, hatua chache, kisha mnaagana. Watu wakaanza kutazamana. Nani alimkaribisha? Nani?

Sauti ikatoka nyuma ya basi.

"Ni Naheed. Nilimsikia."

"Sikusema! Wallahi sikusema!"

Hakuna aliyemwamini. Na hapo ndipo utawajua watu. Wale wale mliokula nao sinia moja. Mmoja akasema, mtoeni na shetani wake. Mwingine akachukua pochi ya Naheed akaitupa karibu na mlango. Anverali akamwambia dreva ageuze, na njia nzima Naheed alikaa kando ya yule bibi, kwa sababu kila alipotaka kuhama kiti, watu waliweka miguu njiani kumzuia.

Tukafika shambani. Hakuna taa. Mlango wa basi ukafunguka, baridi ikaingia, baridi ya kugandisha mate kabla hayajafika chini.

"Mwache huko huko," Anverali akasema. "Usirudi naye."

Naheed akashuka. Bibi akamshika mkono.

Yaliyotokea kule aliyasema Naheed mwenyewe, na Naheed hajui kuongeza chumvi, hiyo kazi ni yangu. Walitembea kwenye majani makavu. Kwacha... kwacha... kwacha. Hatua za mtu mmoja. Kila aliposimama yeye, sauti nayo ilisimama. Ule mkono ulikuwa haumbani. Umekaa tu ndani ya wake, kama samaki aliyetoka kwenye barafu.

Kwenye ile nyumba, kwenye jiwe la kizingiti, alikuwa amekaa Khatijabai. Midomo ya bluu. Sahani ya pilau mapajani, hajaigusa.

"Ma!"

"Nilimpisha tu," mama akasema polepole. "Aliniambia amesimama siku nyingi. Miguu inamuuma."

Naheed akamvulia koti lake, akamfunika. Kisha akamgeukia yule bibi. Meno yanagongana, lakini akasema maneno yanayosemwa. "Haya, bibi. Mimi naishia hapa. Kwaheri."

Bibi hakuingia ndani. Hakuaga. Alimtazama Naheed muda mrefu, mbaya, halafu akacheka kidogo, kama mtu aliyeletewa chenji pungufu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Umetumwa."

Naheed hakungoja maana. Akamwinua mama yake, karibu ambebe, wakaanza kurudi. Kwenye ukuta akageuka. Kizingiti kitupu. Halafu akasikia majani.

Kwacha... kwacha... kwacha.

Siyo nyuma yao. Mbele. Hatua zinakwenda kwenye basi.

Sisi tuliokuwa ndani hatukuona kitu kikipanda. Waliopanda ni Naheed na mama yake. Anverali akahesabu mara tatu, ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na sita. Tukarudi Vaughan hakuna anayeongea. Dreva, Mkanada wa watu, alifungua madirisha yote na baridi ile. Alisema basi linanuka.

Khatijabai alilazwa siku tano. Alipona. Lakini Sughra alishapiga simu mpaka London kabla hata hatujashuka. Riyaz akaja na ndege ya Jumanne. Naheed alimpigia magoti kaka yake ukumbini mwa hospitali, mbele za watu, akimwambia hakuwa mzembe, wala hakumkaribisha yeyote. Kaka akamjibu, "Basi lote linasema ni wewe." Mama akachukuliwa. Siku hizi Naheed akiingia kwenye shughuli zetu, kinamama wanafunika sahani. Anakaa peke yake, anakula haraka, anaondoka.

Sasa mnanitazama hivyo kwa nini? Kiganja ni kweli. Ukuta ni kweli. Ng'ombe... haya, ng'ombe siwajui.

Kitu kimoja nilikitunga.

Naheed hakusema karibu. Alikuwa amenipa mgongo, sahani mbili mikononi, anamtazama mama yake. Aliyeinua upawa akaita ni mimi. Nilikuwa nataka watu wacheke. "Karibu tule, bibi, tena nyama ipo!" Na ile sauti ya nyuma ya basi, kiti cha mwisho, karibu na sufuria... ni hii hii mnayoisikia.

Nilidhani akishasindikizwa, kasindikizwa. Hata na mtu asiyemkaribisha.

Naheed bado ananisalimia vizuri. "Ashif bhai, kaka yangu, hujambo?" Yuko peke yake sasa, bila mama. Nimejaribu kumwambia mara mia tatu. Lakini nikikiri, basi ni mimi wa kumsindikiza. Na mgeni unaanza kumsindikiza kutoka pale alipo.

Msiniulize yuko wapi, wala hii harufu ya udongo inatoka wapi.

Ongeeni taratibu tu.