Ishushe Kwenye Stendi

"Hiyo si pikipiki, ni ngamia!" Mama alisema katikati ya duka, mkono kiunoni.

"Ngamia gani, Mama? Mbona nimekaa vizuri?"

"Umekaa kama nguo kwenye kamba. Miguu yako iko wapi?"

Muuzaji alicheka. Binti hakucheka. Alikuwa fundi wa vyerehani, na wateja wake walikuwa wametapakaa kila mtaa. Kwa miguu hakuwafikia wote. Mshonaji mmoja alikuwa ameshasema: asipofika leo, atamwita fundi mwingine. Leseni anayo. Ilibaki pikipiki tu, na moyo wake ulikuwa kwenye hii kubwa nyekundu.

"Jirani, hebu sema wewe," Mama aliomba.

Jirani yao, waliyekuja naye dukani, alikuwa muuguzi. Aliwazungukia wagonjwa majumbani kwa pikipiki.

"Mwanangu, wengi hukosea hapo," alisema. "Wanaijaribu ikiwa juu ya stendi. Sasa hivi stendi ndiyo imeibeba, si wewe. Ishushe."

Ikashushwa. Binti akagusa sakafu kwa ncha za vidole. Pikipiki ikalala upande, naye akaanza kuanguka nayo. Muuzaji na muuguzi wakaidaka.

"Hapa tupo sisi," muuguzi alisema. "Kwenye makutano, na sanduku la zana nyuma, atakudaka nani?"

"Lakini kwenye ile ndogo ya kijivu pale pembeni nitaonekana mtoto."

"Bora uonekane mtoto kuliko ubebwe kama mtoto," Mama alimkatiza. Akatoa viatu vya kazi mkobani. "Na vua hivyo vya harusini."

Binti alivaa, akapanda ile ya kijivu.

"Nyayo zote mbili chini," muuguzi alielekeza. "Mgongo usijikunje. Viwiko vilegee. Breki na klachi unazifikia bila kujivuta?"

"Nazifikia."

"Haya, shuka. Isukume kinyumenyume, peke yako."

Aliisukuma hadi mlangoni. Haikuyumba. Akaitazama ile nyekundu mara moja, kisha akamgeukia muuzaji.

"Nipe hii. Na kofia ngumu inayonibana vizuri."

Bima na karatasi zilipokamilika, alifunga sanduku la zana nyuma.

"Na mimi nipande wapi?" Mama aliuliza.

"Abiria baadaye," muuguzi alisema. "Azoee kwanza."

"Basi nenda. Mshonaji anakusubiri."

Kwenye makutano taa ilikuwa nyekundu. Binti alisimama, nyayo zote mbili chini. Taa ilipobadilika, akashika njia ya kwa mshonaji.