Kamera Isiyofumba Jicho

Orrin Kangas alitoka nyumbani kwenda kununua chakula cha mbwa. Hilo tu.

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, mwezi wa kwanza, na jua la kaskazini mwa Minnesota lilikuwa linatoroka kazini mapema, kama wale mabwana wa ofisi za misitu waliomnyima Orrin kazi mara kumi na nne kwa barua za mistari miwili miwili. Digrii yake ya misitu ilikuwa juu ya friji, imekaliwa na kopo la kahawa.

"Chakula cha mbwa," mkewe Maija alimwambia, akivaa sare ya hospitali kwa zamu ya jioni. "Sio bundi."

"Sio bundi."

"Niangalie machoni useme."

"Sio bundi, mke wangu. Haki ya Mungu."

Kamera ilikuwa tayari kwenye kiti cha gari.

Zipo nchi ambako bundi akitua juu ya paa, watu hutoka na mawe na dua. Huku kwenye kinamasi, watu wazima wenye akili zao huendesha gari kwa muda wa saa tatu juu ya barafu kumbembeleza atue. Orrin alikata kona kuingia barabara ya kinamasi. Dakika kumi tu, alijiambia. Mbwa hafi kwa dakika kumi.

Kati ya misonobari myembamba alimkuta Delbert Hruska, mstaafu wa mgodi wa chuma, amesimama nyuma ya lenzi nene kama paja.

"Msomi!" Delbert aliita. "Bado unabeba lile tofali?"

"Tofali linapiga picha, mzee."

"Linapiga ukungu wenye mabawa."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliuma. Kamera ya Orrin ilikuwa ya zamani, ya kioo. Ukichungulia unaona mwanga wenyewe ulioingia kwenye lenzi. Ukibonyeza, kioo kinainuka, klak! Na kwa nukta hiyo moja huoni kitu. Giza. Picha unayoipiga ndiyo pekee usiyoiona. Za kisasa hazina kioo. Zinaona gizani, zinamfuata bundi zenyewe, kisanduku cha kijani kimemng'ang'ania jichoni kama kupe. Lakini kuhama mfumo si kubadili soksi. Ni kuvunja ndoa: ukimwacha mmoja umewaacha na mashemeji, lenzi, betri, chaja, hakuna hata mmoja anayekubali kukaa na mwenzako mpya.

"Inafaa kweli, mzee? Kuhama?"

"Nimehama mara tatu. Bundi hata hakugundua." Delbert alicheka, moshi wa pumzi ukamfunika ndevu. "Ndiyo maana sikuoa. Kamera zimenila ujana wote."

Akafunga vitu vyake, akawasha gari, akaenda zake.

Orrin alibaki. Theluji ilikuwa inageuka buluu. Hakuna ndege. Hakuna upepo...

Harufu ilitangulia. Harufu ya friji lililozimwa likiwa na nyama ndani.

Kisha sauti, karibu mno na sikio.

"Ya kioo hiyo?"

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la wawindaji la rangi ya chungwa, uso mpole wa mtu anayegawa keki baada ya ibada. Begani alikuwa na begi jeusi. Orrin hakuwa amesikia gari. Hakuwa amesikia hata nyayo, na theluji ya baridi ile hulia chini ya buti kama mtu anatafuna ukoko.

"Ya kioo," Orrin alisema.

"Nilikuwa nayo kama hiyo. Nimeikumbuka." Mtu yule akafungua begi. Ndani mlikuwa na kamera mpya na lenzi tatu za mfumo uleule ambao Orrin alikuwa akiukodolea macho kwenye simu kila usiku, kama mwenye njaa anayenusa jiko la jirani. "Tubadilishane. Begi kwa begi."

"Bwana, una wazimu? Hii yangu hata..."

"Najua ninachotaka."

"Yako ina ugonjwa gani?"

Yule mtu alifikiri. "Haina ugonjwa. Haifumbi jicho tu."

Wakati huohuo bundi wa kijivu alitua juu ya nguzo ya uzio, hatua kumi kutoka kwao, kana kwamba ameitwa. Orrin aliinua kamera mpya. Kisanduku cha kijani kikaruka jichoni mwa ndege, kikatulia. Akabonyeza. Hakuna klak, hakuna giza. Kila unyoya ulikuwa mahali pake, kama umeshonwa.

Ilikwisha hapo. Moyo ulishasaini.

"Yako ina kadi ndani?" mtu yule alinong'ona.

"Tupu," Orrin alisema. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na hakutaka kuvua glavu. Uongo mdogo wa uvivu. Kamera ile ilikuwa na nafasi mbili za kadi, na ya pili hakuwahi kuitoa. Ilikuwa na miaka mitatu ya Maija: Maija akikaanga samaki, Maija amelala, Maija anamtolea ulimi.

"Tupu," mtu yule alirudia, akitabasamu.

Nusu ya njia kurudi nyumbani ndipo Orrin alipoondoa mguu kwenye mafuta. Nyuzi ishirini chini ya sifuri, kila chenye uhai hutoa moshi mdomoni. Yeye. Delbert. Hata bundi. Yule bwana alikuwa ameongea muda wote ule.

Hakutoa moshi.

Na chakula cha mbwa hakikununuliwa.

Asubuhi Maija aliikuta kamera mezani. "Kwa hiyo Pulla tutamlisha picha," alisema. Pulla, mbwa mwenyewe, alitikisa mkia aliposikia jina lake.

"Tabasamu, acha maneno."

Kisanduku kilitokea. Kilimpata Pulla. Kilimpata bibi yake Maija, marehemu, kwenye picha ya ukutani. Kilimpata msoma habari kwenye televisheni. Maija kilimpita.

"Natabasamu mpaka mashavu yanauma, Orrin."

"Ni mipangilio tu." Alifungua menyu. Kamera hizi hufundishwa nyuso, zizitafute kwanza penye umati. Kwenye orodha kulikuwa na nyuso sita za watu asiowajua. Mmoja alikuwa mwanamke wa skafu nyekundu, mwanya mbele, anacheka. Orrin alibonyeza kufuta. Kamera ilikataa. Akashuka chini.

Uso wa saba.

Maija, anamtolea ulimi.

Picha aliyoipiga kwa kamera ya zamani.

Jumatatu Maija alirudi anacheka. "Mlango wa hospitali umenikataa. Ule unaojifungua wenyewe. Nimeupungia mkono kama mwendawazimu mpaka akaja mtu mwingine." Jumanne bomba la kunawia halikumtolea maji. Jumatano simu yake haikumjua uso. Hakucheka tena. Alhamisi Pulla alimngurumia, manyoya yamesimama. Ijumaa alimpigia mama yake.

"Mama, ni mimi."

Orrin aliisikia sauti ya mama mkwe wake kwenye simu, ya heshima, ya mbali. "Mimi nani, mwenzangu?"

Maija alikata simu polepole. "Orrin," alinong'ona. "Nini kinanitokea?"

Orrin alivaa koti, akachukua funguo za gari. Kila jioni alikuwa anakwenda kinamasini na kamera ile kifuani, anasubiri hadi kope zinashikana kwa barafu. Harufu haikuja.

Jumamosi aliamka akiwa mwepesi. Alipiga mluzi. Alichemsha kahawa, akaketi dirishani, akanywa. Nyumba ilikuwa kimya. Faida ya kuishi peke yako, aliwaza, ni huu ukimya.

Nyuma yake mtu alikuwa analia.

Aligeuka. Ilimchukua muda... muda mrefu... kulikumbuka jina lake. Kisha akaitazama meza.

Alikuwa ametengeneza kahawa ya mtu mmoja.

Hakusubiri jioni. Delbert alikuwa palepale, nyuma ya lenzi yake. "Msomi! Umehama! Sasa utatuambia kama..."

"Yule mtu wa koti la chungwa, mzee. Unamfahamu?"

"Yule mpole? Huja kila kipupwe. Mwaka juzi nilibadilishana naye. Mtu mwema sana."

"Mlibadilishana nini?"

"Kamera, nini kingine?"

Delbert alikuwa amevua glavu ili abadilishe betri. Orrin aliutazama mkono wake wa kushoto. Kwenye kidole cha pete palikuwa na pete ya dhahabu, ya miaka mingi, imezama nyamani.

"Mzee, hukusema hukuoa?"

"Sikuoa."

"Na hiyo?"

Delbert aliinua mkono. Aliitazama pete kama mtu anayetazama mdudu asiyemjua. "Hii... imekuwapo siku zote."

Orrin alifungua menyu, akamwonyesha uso wa skafu nyekundu. "Huyu ni nani?"

"Simjui," Delbert alisema. "Simjui kabisa, kijana." Na machozi yalikuwa yanamtiririka, yanaganda ndevuni, na yeye mwenyewe hajui kwa nini. "Toa kitu hicho. Sijui kwa nini unanionyesha."

Aliingia garini. Alikaa humo kwa muda mrefu kabla hajawasha.

Orrin alisubiri mpaka jua likagusa misonobari. Ikaja harufu.

"Nirudishie," Orrin alisema bila kugeuka.

"Kubadilishana ni kubadilishana."

"Ndani kuna mke wangu!"

"Ulisema ni tupu." Sauti haikuwa na hasira. Ingekuwa nayo ingekuwa afadhali.

Orrin aligeuka. Mtu yule alikuwa ameishika ile kamera ya kioo kwa mikono miwili, kama kifaranga.

"Kwa nini uliitaka? Yako inaishinda mara kumi."

"Yangu inaona mpaka mwisho." Alinong'ona, na midomo yake haikutoa moshi. "Kila nilipomchukua mtu, nilimwona anavyoondoka. Wote sita. Yule wa skafu aliniomba. Hii yako hufumba jicho palepale. Klak. Ukifumbua, kazi imekwisha." Alipapasa kitufe kwa kidole gumba. "Hata sisi tunachoka, kijana."

"Sisi nani?"

Mtu yule alipangusa lenzi kwa mkono wa koti.

"Nichukue mimi, umwache yeye."

"Wote husema hivyo. Halafu hukumbuka wameacha kitu jikoni, wakaenda zao."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Orrin, ile ya barua kumi na nne. "Mimi nimesoma miaka minne, na hakuna ofisi iliyowahi kunitambua. Nimeshazoea kutoonekana, bwana. Nina uzoefu kuliko wote mliowachukua! Yeye ana wagonjwa arobaini wanaomwita kwa jina. Piga!"

Kwa mara ya kwanza mtu yule hakutabasamu. Alifungua mlango mdogo wa kamera, akatoa kadi ya pili, akaiweka kwenye kiganja cha Orrin. Ilikuwa na joto. Kisha akainua kamera. Ndani ya lenzi Orrin alijiona, mdogo, kichwa chini miguu juu.

Klak.

Barabara ilikuwa tupu. Hakukuwa na nyayo ila zake.

Orrin alipumua. Moshi ulitoka, mwembamba, kama wa mshumaa uliopulizwa.

Nyumbani Pulla alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa Maija. Simu ilikuwa sikioni mwake, mama yake anaongea bila kituo. Alipomwona Orrin aliitupa simu, akamrukia shingoni, akalia, akacheka. "Ulikuwa wapi, wewe?"

"Bundi," alisema.

"Nitakuua."

Orrin alimkumbatia kwa nguvu mpaka Maija akalalamika. Baadaye, Maija alipokuwa anaoga, Orrin alifungua menyu. Sita walikuwa palepale. Wa saba alikuwa mwanamume kwenye theluji, mdomo wazi, kana kwamba anapiga kelele neno moja.

Kadi aliificha chini ya digrii, juu ya friji. Maija wake wote walikuwamo.

Jumatatu alikwenda dukani kununua chakula cha mbwa. Alisimama mbele ya mlango wa vioo. Akapunga mkono. Akarudi nyuma, akasogea tena. Aliingia nyuma ya mama mmoja mwenye toroli, kama mwizi.

Alhamisi Pulla alimngurumia.

Hakumwambia Maija. Kila usiku alimsimulia hadithi za zamani, walivyokutana, samaki aliyeungua, haraka haraka, bila kupumzika. Maija alicheka. Kila siku alichelewa kidogo zaidi kucheka.

Jumamosi asubuhi Orrin alikuwa ameketi mezani alipoingia Maija, anaimba kwa sauti ya chini. Alichemsha kahawa. Mkono wake ulifungua kabati, ukatoa kikombe. Ukatoa cha pili.

Akaacha kuimba.

"Ni mimi," Orrin alisema. "Maija. Ni mimi."

Pulla aliinua kichwa. Maija alitazama mlango, kisha dirisha, kisha kiti. Kikombe cha pili kilikuwa bado mkononi mwake. Hakukijaza. Hakukirudisha.