Chupa ya Petroli Kando ya Lenzi

Wazazi wenzangu, hasa ninyi wenye watoto wa kukimbiakimbia, msinichoke. Jambo hili lilitokea Hai Malakal, hapa Juba, mchana kweupe, watu wazima wawili wakiwa nyumbani.

Siku hiyo Bilha alikuwa na raha zake. Maharagwe yameiva, nguo zimeanikwa, na Daisy wake wa miaka miwili na nusu anawaimbia kuku. Mumewe Gerishon, mpiga picha za harusi, alikuwa barazani na lenzi yake ya zamani, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Aliipenda kuliko mpya zote.

Lakini lenzi hiyo ilikuwa na ugonjwa. Ndani yake kuna vipande vyembamba vya chuma, kama magamba ya samaki, vinavyofunguka na kujifunga kuongeza au kupunguza mwanga unaoingia. Joto la Juba huyeyusha grisi, mafuta yanateremka, vipande vinanata, na picha ya bibi harusi inatoka nyeupe pe, hana pua hana macho. Gerishon alikuwa akivitoa kimoja kimoja kwa kibano na kuvipangusa kwa pamba yenye petroli. Akivirudisha, wiki haiishi, mafuta yamerudi. Hii ilikuwa mara ya nne.

"Baba Daisy, hiyo kitu si uitupe tu?"

"Nikiitupa hii nimetupa jicho langu. Na usiguse meza! Kipande kimoja kikipotea, kalas, imekwisha."

Petroli aliinunua barabara ya Jebel, kama sisi sote tunavyonunua: ndani ya chupa ya maji ya kunywa, karatasi yake bado imebandikwa. Ya manjano kama juisi ya nanasi. Mnaijua.

Bilha alipotaka kuandaa chakula, meza ilikuwa imejaa. Vipande hakuvigusa. Alichukua chupa tu, akaiweka sakafuni, akaenda kuepua sufuria. Kizibo hakikuwa kimekazwa. Gerishon alikuwa ameinama, jicho moja kalifumba, pumzi kaibana ili kipande kisipeperuke. Daisy alipita mbele yake hapo hapo. Hata leo Gerishon anasema aliona kivuli tu.

Kikohozi ndicho kilichomrudisha Bilha mbio. Mtoto alikuwa ameketi, chupa mapajani, kifua kimelowa, mdomo unanuka kama pikipiki.

"Gerishon! Mtoto amekunywa!"

"Amekunywa nini?"

"Unaniuliza mimi, na wewe ndiye umekaa hapo!"

Bilha akafanya alichokiona kwao tangu utotoni: maziwa, kisha vidole kooni. Daisy akatapika, akatapika tena. Jirani yao Keji, mama aliyekulia Uganda, akaingia bila hodi.

"Ya Mama Daisy, wacha! Mdomo yake iko bluu! Boda, yala, haraka, tafuta boda!"

Juu ya boda Bilha alimkumbatia mtoto na kuhisi mbavu zile ndogo zikizama ndani kila akivuta pumzi. Akivuta moja, Bilha anaingoja nyingine. Haiji. Haiji. Kisha inakuja, na sauti kama ya karatasi kuchanika.

Kule zahanati, muuguzi Nyamal aliuliza, "Mtoto amekula nini?"

Gerishon akawahi. "Ni homa tu, sista. Tangu jana anakohoa."

Bilha akamtazama mumewe, akaelewa. Aliogopa kuitwa mzazi mbaya. Na yeye je? Si mkono wake ulioiweka ile chupa chini? Nitawaambia ukweli hata kama unauma: naye alinyamaza. Nyamal akaandika kipimo cha malaria, akawaelekeza kwenye foleni ya maabara. Mbele yao watu sita. Walipofika nafasi ya tatu, shingo ya Daisy ililegea begani kwa mama yake.

"Petroli!" Bilha alipiga ukelele. "Amekunywa petroli! Mimi ndiye niliyeiweka chini! Na nimemtapisha!"

Nyamal akatupa kalamu, akamnyakua mtoto. "Umemtapisha? Mama, petroli ikishashuka tumboni iache huko! Ikirudi juu inaingia kwa mapafu. Na mlitaka nimtibu malaria!"

Siku nne Daisy alilala na mpira wa oksijeni puani. Siku ya pili jenereta ilizimika na mashine ikanyamaza. Bilha akawa anampepea kwa kitambaa, kana kwamba upepo wa kitambaa unaweza kuingia kifuani. Gerishon alikimbia nje kutafuta mafuta ya jenereta, akarudi nayo, ndani ya chupa ya maji. Alipojiona ameishika, alikaa chini akalia mbele za watu.

Siku ya tano mtoto aliomba uji. Yuko hai, Mungu asifiwe. Lakini akiwafukuza kuku sasa husimama njiani, mkono kifuani, anangoja pumzi imfikie.

FUNZO

Petroli isikae ndani ya chupa ya kunywea, hata dakika moja, hata kama aliyekuuzia ndivyo alivyokupa. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, maana nayo yanaweza kumtapisha. Mkimbize hospitali, chupa mkononi, useme ukweli kabla hujaulizwa. Mganga hawezi kutibu ulichomficha. Na wewe fundi wa chochote, inua kichwa mtoto akipita mbele yako. Kazi itakungoja, yeye hatangoja.

Basi acheni kusoma kidogo. Nendeni mkaangalie chupa zilizoko sakafuni kwenu.