Sahani ya Anab

Kila asubuhi kabla ya kengele kulia, Kalondu, Mbula na Anab walisimama nyuma ya darasa la saba wakighani shairi lao. Mbula alianza, Anab akapokea, na Kalondu akamalizia. Walilirudia mara nyingi hata watoto wa darasa la kwanza wakalikariri. Shule yao ilikuwa karibu na soko la Kwa Vonza, ambako Mzee Samatar, babake Anab, alikuwa na duka na biashara ya mbuzi.

Mwaka huo, 1988, shairi lao liliwafikisha kwenye mashindano ya taifa jijini Nairobi. Mwalimu Mbinya aliwaahidi kwamba wakishika nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu, atawapeleka kula chakula cha jioni katika mkahawa mmoja wa Kiitaliano huko huko jijini.

"Mimi nimeshakula huko," Kalondu alisema siku hiyo. "Shangazi alinipeleka wakati wa Krismasi."

Hayo hayakuwa kweli. Shangazi yake alimpitisha mlangoni tu, naye akachungulia dirishani. Lakini wenzake walimtazama kwa macho ya mshangao, na Mwalimu Mbinya akasema kwa furaha, "Basi wewe ndiwe utakayetuongoza mezani."

Walishika nafasi ya pili. Alasiri, walipokuwa wakivaa sare safi, Anab alimvuta Kalondu kando.

"Hao watu wa mkahawani hawapiki nguruwe?"

"Hapana. Ni ng'ombe na kuku tu."

"Una hakika?"

"Si nimekuambia nilikula huko?"

Anab alishusha pumzi, akafunga vizuri mtandio wake. Kalondu alitaka kumwita amwambie ukweli, lakini Mwalimu alikuwa tayari anawaharakisha.

Mkahawa wenyewe ulikuwa mdogo, wenye joto na harufu ya vitunguu saumu. Mishumaa iliwaka midomoni mwa chupa, na vitambaa vya mezani vilikuwa na miraba myekundu na myeupe. Mhudumu alipomsikia Mbula akinong'ona kwa Kikamba, alicheka.

"Kumbe leo nimepata watu wa nyumbani! Mimi naitwa Kiilu. Kwetu ni Kathonzweni."

Mwalimu Mbinya aliomba kutumia simu ya hapo ampe mwalimu mkuu matokeo. "Agizeni," aliwaambia, "lakini kwanza mwulizeni Bwana Kiilu kuhusu nyama. Mnajua Anab hali nguruwe. Kalondu, wasaidie wenzako."

Kiilu aliweka mezani orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa Kiitaliano. "Niwaeleze?"

"Huyu anajua," Mbula alisema, akimwonyesha Kalondu kwa kidole.

Kalondu aliinama juu ya karatasi. Hakuelewa hata mstari mmoja, isipokuwa neno spageti. Angeweza kuuliza, Kiilu alikuwa amesimama pale pale. Lakini macho ya Mbula yalikuwa yanamngoja. Akagusa mstari mmoja kwa kidole.

"Spageti hizi. Sahani tatu."

Kiilu alikuwa akiitwa na meza nyingine. Aliandika, akaenda.

Chakula kilikuja kikifuka mvuke. Juu ya tambi ndefu kulikuwa na jibini na vipande vidogo vya nyama yenye mistari ya mafuta. Mbula alianza kula na kucheka kwa sababu tambi zilimteleza kwenye uma.

"Kalondu, hii ni nyama gani?" Anab aliuliza.

"Ng'ombe."

Mdomo ulijibu kabla ya moyo kuuzuia. Harufu ya nyama ile ilikuwa ya moshi na chumvi. Kalondu hakuwahi kusikia nyama ya ng'ombe ikinukia hivyo.

"Naenda kunawa," alisema, akaondoka upesi. Alimkuta Kiilu kwenye mlango wa jikoni.

"Mjomba, ile nyama ni ya nini?"

"Ya nguruwe, iliyokaushwa kwa moshi. Kwani kuna nini?"

Mawazo yakamjia kwa kasi. Angeweza kuigonga meza ili sahani ianguke. Angeweza kusema ameona nzi kwenye chakula. Hakuna ambaye angejua. Aligeuka, akamwona Anab ameinamisha kichwa, midomo yake ikitamka Bismillah. Kisha Anab akainua uma.

"Anab, usile!" Kalondu alikimbia, akagonga kiti. "Ni nguruwe!"

Watu wote mkahawani waligeuka. Uma ulisimama hewani.

"Umesema ni ng'ombe."

"Nimekudanganya. Sijawahi kula hapa. Nilichungulia dirishani tu."

Anab aliuweka uma chini polepole. Macho yake yalijaa machozi. "Ningekula," alisema. "Ningekula kwa sababu yako wewe."

Mwalimu Mbinya alikuwa amerudi, na alisikia yote. Hakupaza sauti. Kiilu aliiondoa sahani, akakaa jikoni kwa muda, kisha akarudi na sahani nyingine na uma mwingine.

"Nyanya, vitunguu saumu na mafuta ya mboga," alimwambia Anab. "Tambi zimechemshwa kwa sufuria nyingine. Nimesimama na mpishi mpaka akamaliza."

Anab aliuliza maswali mawili zaidi, akajibiwa, ndipo akaanza kula. Hakumtazama Kalondu.

"Kalondu," Mwalimu alisema, "ulipojisifu kwamba umekula hapa, ulijidanganya mwenyewe. Anab alipokuuliza kuhusu nyama, alikuwa amekukabidhi imani yake. Hapo ulitakiwa kusema hujui. Hata mimi sikuielewa karatasi hii, na ndiyo maana niliwaambia mmwulize Bwana Kiilu. Nami nilikosa, sikupaswa kuwaacha peke yenu. Kutojua si aibu, mwanangu. Aibu ni kumwacha mwenzako aumie ili wewe uonekane mjuaji."

Kalondu alilia kimya kimya.

"Lakini ulipoujua ukweli, uliusema mbele ya watu," Mwalimu aliendelea. "Hilo pia nimeliona. Tukirudi, nitamweleza Mzee Samatar."

"Nitakwenda nawe, Mwalimu," Kalondu alisema. "Nimwambie mwenyewe."

Anab aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Nitakuwa nakuuliza mambo," alimwambia Kalondu. "Hatuwezi kughani pamoja bila kuulizana. Lakini kama hujui, sema hujui."

"Nitasema."

Anab alikisukuma kikapu cha mkate kilichokuwa katikati ya meza mpaka mbele ya Kalondu. "Haya, kula basi," alisema. "Hujatia kitu kinywani."