Haki Isiyo na Tundu

Mfinyanzi alipofungua tanuri asubuhi ile, moyo ulimlipuka. Subira, Wivu na Tamaa, visanamu vyake vitatu vya maonyesho, vilikuwa vigae vitupu, vimekatwa mikato iliyonyooka. Haki peke yake ilisimama nzima, nayo ndiyo iliyopaswa kupasuka.

Kisanamu chenye uwazi ndani hutobolewa kwa sindano chini ya unyayo, hewa ipate pa kutokea. Marehemu mama yake, aliyemfundisha kazi yeye na mdogo wake, alilisema hilo mpaka likawachosha. Lakini mfinyanzi alitaka mambo ya kisasa. Haki yake hakuipa mizani, wala kitambaa cha macho, wala mikono. Aliibakizia mwili laini kama yai na upanga uliochomoza kifuani. Tundu aliliona linaharibu umbo, akaliziba kwa kidole.

"Dada, mbona kinahema hiki?" aliuliza mdogo wake, mpaka rangi wa karakana, akiiinua Haki.

"Acha utani wako."

Hapo kifundo cha mkono wa kulia wa yule mdogo kikalia kacha! Mfupa ukachomoza nje ya ngozi, na kabla hajapiga yowe ule wa kushoto ukanyongwa kama nguo inayokamuliwa, rafu zikaporomoka, vigae vikaruka vikimchana mfinyanzi mashavu, na harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani mpaka pumzi zikawapaa.

"Mikono yangu iko wapi?" sauti iliuliza kutoka ndani ya Haki.

Mganga aliyeitwa mbio, aliposimuliwa yote, hakuthubutu kuvuka kizingiti. "Usiivunje," alinong'ona. "Itoboe pale ulipoziba."

Damu ikimtiririka mashavuni, mfinyanzi aliigonga sindano ya chuma chini ya unyayo wa Haki, taratibu, huku akilia na kumwomba mama yake msamaha. Haki ikashusha pumzi ndefu, ya moto.

"Imetoka," alisema mfinyanzi.

"Imekwenda wapi?" aliuliza mganga, akirudi nyuma.

Mfinyanzi hakumsikia. Mdogo wake alikuwa ameketi, mikono imenyooka, haina hata mchubuko! Alimkumbatia kwa furaha, akachukua kitambaa kumfuta damu miguuni. Chini ya unyayo wa mdogo wake akakuta tundu dogo la mviringo, limetobolewa vizuri, likimpulizia joto kiganjani.

"Dada," alisema mdogo wake, akimshika shingo kwa mikono yote miwili, "safari hii usilizibe."