Kasha Lililotobolewa

Wa kwanza kuisikia sauti ile alikuwa mke wa Fundi, tena saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani na majirani wanaanika nguo. Alikuwa amevaa hedifoni. Maikrofoni ilikuwa imezungushiwa waya wake na kulazwa kwenye rafu, haikuchomekwa popote. Pamoja na hayo, ule mstari wa kijani kwenye skrini, ambao hulala tuli pakiwa kimya, ulikuwa unapanda na kushuka taratibu.

"Fundi," aliita. Hata yeye alimwita hivyo, utani wa siku za uchumba uliogeuka jina. "Hebu njoo usikilize."

Fundi alikuja na kikombe cha chai mkononi, akavaa hedifoni, akasikia mtu anapumua.

Alicheka. Ndivyo alivyo huyu bwana: kwake kila kitu ni feni, waya au vumbi. "Hiyo ni feni ya nyuma. Nitaikaza skrubu."

"Feni haivuti pumzi ikasita kabla ya kuitoa," mkewe alisema. "Mimi nalipwa kwa masikio yangu, wewe usinidanganye."

Na kweli. Kazi ya mkewe ilikuwa kuhariri sauti: michezo ya redio, vitabu vya kusikiliza, matangazo. Kukohoa kwa msomaji, kiti kulia, mbwa wa mtaa wa tatu, vyote alivisikia na kuvikata. Kwa miaka yote ya ndoa alikuwa akimwomba mumewe kitu kimoja tu: kompyuta isiyopiga kelele, na kona yake mwenyewe ya kufanyia kazi. Alikuwa na pumu pia, na vumbi la karakana lilimtesa. Basi walipohamia nyumba yenye chumba cha ziada, Fundi aliapa kumtengenezea kona ambayo angeiota mtu.

Kutengeneza aliweza, tusimnyime haki yake. Watu walimfuata kutoka mbali kwa sababu ya makasha yake ya kompyuta. Alishaitia kompyuta ndani ya kinanda kibovu, akaitia kwenye kiti cha kinyozi, akaitia kwenye jiko la gesi ambalo mlango wake wa oveni ulifunguka na kuonyesha taa za buluu. Mteja akisema haiwezekani, Fundi halali. Chumbani kwa mkewe alizungusha meza ya mbao dirisha zima, akapanga skrini mbili, taa ya kuinama, rafu za spika, na waya zote akazificha ndani ya miguu ya meza. Kilichobaki kilikuwa kasha lenyewe, na kasha alilipata kwa watu waliokuwa wanauza vyombo vya marehemu wao.

Lilikuwa la mti mweusi, zito, refu kama mtoto anayeanza shule. Halikuwa na kufuli wala bawaba. Mfuniko ulikuwa umegandishwa kwa nta nyeusi pande zote, na kila mwanya, hata ule ambao uzi usingepita, ulikuwa umezibwa. Wauzaji walisema hawajawahi kuona ndani yake. Fundi alipoikata nta, kasha lilitoa mshindo mdogo wa hewa, likatoka harufu ya nywele zilizoungua. Ndani hamkuwa na kitu.

Mtu mwingine angejiuliza: nani anajisumbua kuziba namna hiyo kasha lisilo na kitu? Fundi alifurahia nafasi. Akapima bodi, akapima feni, akachukua drili akaanza kulitoboa, matundu ya mbele ya kuingiza hewa na ya nyuma ya kuitoa, kwa sababu kila mtu wa kazi yake anajua kwamba kompyuta lazima ipumue. Mti ulilia kila alipotoboa. Yeye aliimba.

Sasa lilikuwa chini ya meza, magotini pa mkewe, na linapumua.

Alikaza skrubu. Akabadilisha feni. Mwishowe akazichomoa feni zote na kuzima umeme wa chumba, na ile hewa ya vuguvugu ikaendelea kutoka nyuma ya kasha, ikakatika, ikatoka tena, ikiwa na ile harufu. Fundi aliweka kiganja pale akakitoa haraka. Hakumwambia mkewe. Kosa hilo.

Pumu ya mkewe ilibadilika. Zamani ilikuja na kuondoka, sasa ilikaa. Akiwa chumbani alipata pumzi kidogo, za juujuu. Akitoka nje ya mlango alianza kukwama, na siku waliyojaribu kumpeleka hospitali alianguka getini, midomo myeusi, na hewa haikumrudia mpaka Fundi alipombeba na kumrudisha karibu na meza. Hapo ndipo alipovuta, na kasha nalo likatoa, kwa wakati mmoja. Wote wawili walisikia.

"Lina pumzi yangu," mkewe alinong'ona. "Linanigawia. Nimekuwa ombaomba kwenye mapafu yangu mwenyewe."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi, Fundi?"

Fundi alikuwa anaogopa, na woga ulimtia hasira, na hasira haikuwa na pa kwenda.

Asubuhi iliyofuata paka wa jirani, ambaye alipenda joto la pale chini ya meza, walimkuta uso wake umebandikwa kwenye tundu kubwa la mbele. Fundi alimvuta, hakutoka. Alimvuta kwa nguvu, akatoka bila uso, mwepesi, mbavu zimeingia ndani na kugusana. Mkewe alitapika hapo hapo, na kutapika kulimkosesha pumzi, na kwa muda mrefu hawakujua kama angepona.

Wakawaita mama mkwe na shemeji. Shemeji, kaka mkubwa wa mke, alikuwa mtu wa kubeba mizigo sokoni, mabega kama mlango, na hakuwa na subira na hadithi. "Kitu kilichochomekwa, kinachomoleka," alisema. "Tunakitoa nje, tunakichoma, tunakunywa chai." Akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya kasha kutafuta waya.

Feni zile ni plastiki. Mtoto anaweza kuzisimamisha kwa kidole. Shemeji alisema tu, "Kuna mtu amenishika," kwa mshangao zaidi kuliko kwa maumivu, halafu mkono wake ukaanza kuzunguka. Ulizunguka kwenye kiwiko, ukapita pale ambapo mkono wa binadamu hukomea, na Fundi aliyekuwa amemkumbatia kiunoni akimvuta alisikia mfupa ukikatika, kisha wa pili, huku damu ikirushwa kupitia matundu ya mbele kwa vijidoa vidogo vidogo juu ya ukuta, juu ya skrini, juu ya nguo ya mama mkwe, na shemeji, mwanamume yule mzima, akimwita mama yake kwa sauti ya mtoto. Kasha lilipomwachia, vidole vitatu vilibaki ndani.

Majirani wakamkimbiza hospitali. Fundi alichukua nyundo kubwa ya karakana, akarudi chumbani, akasimama juu ya kasha, akashusha kwa nguvu zake zote. Aliona kabisa mti ukipasuka. Aliona vipande. Ni maumivu yaliyomrudisha: nyundo ilikuwa imetua juu ya mguu wake mwenyewe, vidole vimesagika ndani ya kiatu, na kasha halikuwa na hata mkwaruzo.

Alijiambia kwamba nyundo iliteleza.

Mama mkwe alimjua mganga mmoja, mwanamke wa makamo, mshonaji wa mapazia, aliyesifika kwa kutoa majini bila makelele. Akampigia, akampa Fundi simu.

"Ulilitoboa wewe?" mganga aliuliza.

"Mimi."

"Basi limekujua. Sikiliza, baba. Usilizibe, usilipige, usiliguse tena. Hicho kitu kikishamzoea mtu kinamshika macho. Kaa na mkeo, umshike mkono, usiuachie. Mama aje anichukue, hapa sina usafiri. Mpaka tufike, usifanye kitu."

"Na pumzi zikiisha?"

"Mshike mkono," mganga alisema. "Unanielewa? Usiuachie."

Mama mkwe alitoka mbio. Fundi alimlaza mkewe kwenye kitanda cha kukunja kando ya meza, akakaa sakafuni na mguu wake uliovimba, akaushika mkono. Ulikuwa wa baridi. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, mchana kweupe, na ndani mkewe alikuwa anavuta hewa kwa sauti ya mtu anayenyonya mrija mtupu.

"Fundi," alisema, neno moja moja. "Usiniache. Nife. Peke yangu."

"Hufi. Mama yako yuko njiani."

Mkewe alimtazama. Walikuwa wamepanga kupata mtoto mwaka ule. Walikuwa wamegombana kwa ajili ya jina, wakapatana, wakacheka. Fundi alikumbuka hilo na moyo ukamuuma vibaya. Midomo ya mkewe ikaanza kuwa ya buluu, kisha kucha. Chini ya meza kasha lilivuta pumzi ndefu, ya kushiba.

Na hapo akafanya kile ambacho mtu wa ufundi hawezi kujizuia kukifanya. Alifikiri: tatizo ni matundu. Niliyatoboa mimi, nitayaziba mimi. Lilikaa miaka mingi limezibwa, halikumdhuru mtu. Mganga ni mtu wa mapazia, anajua nini kuhusu makasha.

Akauachia mkono.

Kwenye rafu palikuwa na bomba la silikoni nyeupe, ile ya madirisha. Alikata ncha kwa meno, akatambaa chini ya meza. Kasha lilimpiga. Halikuwahi kusogea hata siku moja, lakini sasa lilijipinda na kurusha mateke, waya zikamchapa usoni, skrubu zikamkwaruza mashavu mpaka akaonja damu, na Fundi akalipandia, akalikalia, akalibana kwa magoti yote mawili akisahau mguu uliovunjika, akaingiza ncha ya bomba kwenye tundu la kwanza na kubonyeza. Lilitikisika lote chini yake. Akaenda la pili. Kingo za matundu zilikuwa laini na za moto, akajua ni joto la mashine limeulainisha mti, akasukuma silikoni ndani kabisa na kuisawazisha kwa kidole gumba, kama anavyofanya kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu hata katika hofu ile mkono wake haukukubali kazi mbaya.

"Vumilia, mke wangu," alisema bila kugeuka. "Namaliza."

"Endelea, Fundi," mkewe alijibu kutoka kitandani. "Tayari naona nafuu. Usiache."

Sauti yake ilikuwa safi, haikukwama popote, na furaha ya kuisikia ilimpa Fundi nguvu ambazo hakujua anazo. Lilibaki tundu kubwa la mbele, lile lililomla paka. Lilikuwa linajaribu kufunguka zaidi, likitoa mlio, na kulikuwa na meno, nani asingetarajia meno, yakamuuma kidole mpaka mfupani, na yeye akalia na kubonyeza, akalia na kubonyeza, mpaka bomba likaisha na silikoni ikafurika nje. Akaweka viganja vyote viwili juu yake na kuegemeza uzito wake wote. Kasha lilipiga sakafu kwa visigino. Likapiga polepole. Likaacha.

Kimya. Alikaa juu yake akihema, akicheka na kulia pamoja, na kutoka kitandani alisikia pumzi za mkewe zikienda na kurudi, nzito, nzima, kama za mtu aliyelala usingizi mzuri.

Mlango ulipogongwa alijikokota kuufungua. Mama mkwe aliingia mbele, mganga nyuma na mkoba wake.

"Mama," Fundi alisema, "nimelimaliza. Mwanao anapumua. Sikiliza."

Mganga hakusikiliza. Alitazama mashavu ya Fundi yaliyochanika kwa mistari minne minne, akatazama kidole chake, halafu akatazama nyuma yake, akanyoosha mkono haraka amfunike mama mkwe macho. Alichelewa.

"Nilikwambia umshike mkono," mganga alisema kwa sauti ya chini.

Fundi aligeuka. Kitandani palikuwa na shuka tu. Chini ya meza kasha lilikaa pale lilipokuwa tangu siku alipoliweka, matundu yake yote wazi. Na mbele yake, sakafuni, mkewe alilala chali, kiatu kimoja kimemtoka, puani na mdomoni amejazwa silikoni nyeupe, iliyosawazishwa vizuri kwenye kingo kwa kidole gumba.

Mama mkwe alimpita Fundi, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kucha. Ilitoka kwa vipande virefu. Mganga alishika shingo ya yule binti, akasubiri, kisha akauondoa mkono wake na kuuweka juu ya bega la mama.

"Muache, dada. Amekwisha."

Mama hakumuacha. Alimpakata kichwa, akawa anamfuta midomo kwa upindo wa kanga yake.

Ndipo kasha likavuta pumzi. Ikasita kidogo, kisha spika zote mbili juu ya rafu zikasema, kwa sauti ya yule binti, laini, isiyo na pumu hata chembe:

"Mama? Ni wewe umekuja?"

Mganga akamziba mama mkwe mdomo kwa nguvu, akimnong'oneza sikioni asijibu, kwa jina la Mungu asijibu, kwamba sauti hiyo ikiitikiwa haitatoka tena nyumba hii. Fundi naye akamshika miguu, akitikisa kichwa na kulia.

"Mama, mbona huongei? Naogopa huku."

Na mama mkwe, kichwa cha mwanawe kikiwa mapajani, aliuondoa mkono wa mganga mdomoni mwake.

"Nipo, mwanangu," akaitika. "Nipo hapa."